Mjusi Hali Mchicha

"Kitendawili."

Sauti ilitoka chini ya kaunta, ndani ya kopo tupu la unga wa kalsiamu. Humo ndimo redio ya Motorola ilimofichwa.

Sindano hakuinua kichwa. Alikuwa anahamisha nyenje kutoka kwenye trei za mayai kuwatia kwenye boksi la mauzo, mmoja mmoja, kwa kibano.

"Tega," alisema.

"Kaingia kazini kwa mlango. Mlangoni hakutokea, dirishani hakutokea, na ndani hayumo."

Akafikiri. Vitendawili vya Mjomba, mkuu wake wa kazi, havikuwa vya kulaza watoto. Kila kimoja kilibeba amri au msiba.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

Redio ikakwaruza.

"Mji wako siutaki," Mjomba alisema. "Ni daktari wa mifugo wa uwanja wa ndege. Tangu jana asubuhi."

Kibano kikamponyoka.

Daktari huyo alikuwa mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja.

"Najua ni nani kwako," Mjomba alisema. "Ndiyo maana nakwambia mwenyewe. Alikuwa anakagua masanduku ya mijusi ya Bwana Joto. Kuna kitu alikiona. Tangu hapo hajaonekana."

"Zuieni mzigo basi!"

"Nikiugusa tu, Bwana Joto atajua kabla sijafunga mlango. Na aliyemshika mdogo wako atammaliza. Ndege inaondoka alasiri. Ikiwasha injini nitaisimamisha, nitake nisitake. Baada ya hapo sina ahadi ya kukupa."

"Yu hai?"

"Sijui, mama. Mtafute."

Redio ikakatika.

Mpita njia aliliona duka dogo tu la chakula cha wanyama wa kufuga: mtama wa ndege, randa za mbao za sungura, na nyenje wanaolia mchana kutwa kama redio mbovu. Mwenye duka walimwita Mama Nyenje. Mtu wa makamo, khanga kiunoni, maneno mengi, chenji haipungui. Nani angejua kwamba Idara ya Usalama ndiyo iliyofungua duka lile, na kwamba lilifunguliwa kwa ajili ya mteja mmoja?

Bwana Joto.

Alikuja kutoka ng'ambo, akafuga mijusi wadogo wa jangwani na kuwasafirisha kwa wafugaji wa nchi za mbali. Si wale mijusi kafiri wa ukutani tuliowazoea, la. Hawa hawapandi ukuta. Wana kope, wanafumba macho kama mtoto aliyeshiba, na mkia wao umenenepa kama kidole gumba kwa sababu ndilo ghala lao la akiba. Forodhani hakuna aliyependa kutia mkono kwenye masanduku yao. Ofisa huchungulia, akakutana macho kwa macho na mjusi, akagonga muhuri huku mguu mmoja uko nje.

Idara ikanusa. Mtu anayesafirisha masanduku yasiyoguswa, ana lake jambo. Lakini Bwana Joto hakuwa na nyumba inayojulikana, wala banda linalojulikana. Kilichojulikana ni kimoja: mjusi lazima ale. Na nyenje, mji mzima, walipatikana kwa Mama Nyenje.

Mluzi ukasikika nje.

Sindano akaokota kibano, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akavaa tabasamu.

Aliyeingia ni dereva wa Bwana Joto. Walimwita Mluzi kwa kuwa mdomo wake haukutulia hata msibani.

"Shikamoo, Mama Nyenje."

"Marahaba, baba. Leo umewahi hivyo, umefukuzwa nyumbani?"

"Wee acha! Kuna mjusi mmoja mgonjwa, basi hakukaliki. Utadhani mama mkwe wake bosi kalazwa. Mayai yamemkwama." Akaegemea kaunta. "Nipe nyenje, nipe na ile poda nyeupe. Na mchicha."

Mkono wa Sindano ukasimama hewani.

"Mchicha?"

"Fungu moja. Mbichi. Daktari kasema nije hapa hapa kwa mama wa nyenje, nisiende kwingine. Eti mgonjwa asipokula mchicha leo, hazai."

Mjusi wa jangwani hali mchicha.

Hali jani lolote. Yeye chakula chake kitembee, kiruke, kitikisike mbele ya macho yake, ndipo akione. Jani kwake ni sawa na jiwe. Na Sindano hakulijua hilo kwa kuzaliwa. Wiki ya kwanza ya duka, alimwekea mjusi wa maonyesho fungu la mchicha, kwa huruma yake, akamwita mdogo wake aje aone mnyama anavyosusa chakula. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa chini. "Dada! Huyu si mbuzi!" Alilicheka jambo lile kwenye kila simu, mwezi mzima.

Yu hai.

Yu hai, na anaita.

Na Mluzi wa watu, ambaye kwake mjusi na mbuzi ni mamoja, kaubeba ujumbe kinywani kutoka huko mpaka hapa asijue kabebeshwa nini.

"Mchicha ninao," Sindano alisema. Sauti yake ilitoka sawa, mwenyewe akaishangaa. "Nilinunua wa mboga yangu. Ngoja."

Akainama chini ya kaunta. Akachukua kidude cha kufuatilia, kidogo kama punje ya hindi, akakibandika chini ya trei ndani ya boksi la nyenje. Akatoa fungu la mchicha kwenye kikapu chake.

Simu ya Mluzi ikaita. Mikono yake yote miwili ilikuwa na vifurushi. Akaiweka kaunta, akabonyeza spika kwa kidole kidogo.

"Umepata?"

Sauti nyembamba, ya adabu. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kufoka.

"Nimepata, bosi. Nyenje, poda, na m..."

Bwana Joto angelisikia neno lile, angejua. Yeye hakuwa Mluzi. Yeye aliwajua mijusi wake kuliko ndugu zake.

Kiwiko cha Sindano kikalipiga boksi.

Mfuniko ukaruka. Nyenje wakamwagika juu ya kaunta, juu ya shati la Mluzi, ndani ya shati la Mluzi.

"Mama yangu weee!"

"Nini hicho?" simu iliuliza.

"Nyenje, bosi! Wamenivamia! Wako tumboni! Mama, nisaidie, huyu anashuka!"

"Jamani pole, baba, pole! Simama wima, usiruke, utawaua!"

Sindano alimpapasa huku na huku, akawarudisha boksini kwa viganja, trei ikarudi mahali pake. Mluzi alihema kama aliyetoka mtoni.

"Wa ukubwa gani?" Bwana Joto aliuliza, kana kwamba hakuna aliyepiga kelele.

"Wa... wa kawaida, bosi."

"Hakuna wa kawaida. Nyenje asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Akizidi, tumbo lake litaelemewa, na Malkia tayari ana mayai. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Wahi. Na mimi nakuja huko."

Simu ikakata.

Sindano alilifunga fungu la mchicha kwa uzi. Kulipeleka ni hatari. Kutolipeleka ni kumwacha mtoto wa mama yake akidhani kaita hakuitikiwa.

"Sikiliza, baba," alisema, akimtilia fungu mfukoni mwa koti. "Hii mpe daktari mkononi. Bosi asiione. Wenye vyao hawapendi kuona mgonjwa wao anatibiwa kwa mboga ya kila mtu. Atadhani daktari anambania."

"Hapo umesema kweli. Bosi kwa yule mjusi, angeweza kumlisha dhahabu."

Akatoka, akijikuna.

Sindano akageuza kibao cha mlangoni. TUMEFUNGA.

Khanga ikabaki kwenye msumari. Ndani alikuwa amevaa suruali nyeusi. Bastola yake, Beretta, ikaingia kiunoni, kiwambo cha kuzuia sauti mfukoni, darubini ya joto shingoni. Na kile kikasha cha bati chenye sindano nyembamba za usingizi, asili ya jina lake.

Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma uani.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kwenye kioo cha simu yake kitone chekundu kilikwenda kwa raha zake: kikapita soko, kikavuka reli, kikakunja kulia kwenye mzunguko. Hiace nyeupe. Sindano aliiacha mbele magari kadhaa. Mwindaji hamkanyagi mkia anayemfuata.

Kitone kikasimama.

Akabana breki. Mluzi alikuwa ameegesha kando ya barabara, amevua shati mvuani, analikung'uta. Nyenje mmoja akaruka. Mluzi akamtukania ukoo.

Hapo ndipo Sindano alipoiona, kwenye kioo cha pembeni.

Land Cruiser nyeusi. Nyuma yake kabisa. Vioo vyote vimepandishwa, na kwa ndani vimefanya ukungu, kama vioo vya bafuni.

Ni mtu mmoja tu aliyewasha hita garini katika mji ule.

Mbele Mluzi. Nyuma Bwana Joto. Yeye katikati, kama karanga kwenye kinu.

Hakutazama nyuma. Akaingia kituo cha mafuta kama aliyekusudia tangu nyumbani, akafungua tangi, akampungia mhudumu. Land Cruiser ikapita taratibu. Ikasimama kando ya Hiace. Kioo kikashuka kidogo, mvuke ukatoka. Mluzi akavaa shati mbio mbio. Gari zote mbili zikaondoka.

"Niweke ngapi, mama?" mhudumu aliuliza.

"Limejaa, mwanangu."

"Sasa umesimamia nini?"

Alikuwa keshatoka.

Eneo la viwanda. Maghala ya bati yamepangana kama meno, yote kijivu, yote yamefungwa. Na hapo kitone chekundu kikafa. Kikawaka, kikafa, kisirudi. Kuta nene zilikuwa zimelimeza boksi la nyenje.

Redio ikakohoa sikioni mwake.

"Mzigo unapakiwa," Mjomba alisema. "Uko wapi?"

"Karibu."

"Karibu ya mguu au karibu ya mdomo?"

"Nipe muda, Mjomba."

"Muda si wangu. Ungekuwa wangu ningekupa."

Akaiegesha Yamaha nyuma ya rundo la matairi, akainua darubini ya joto. Dunia ikageuka rangi ya bahari. Paa za buluu, kuta za buluu, mvua ya buluu. Kila kitu kimepoa.

Ila mahali pamoja.

Kwenye ghala la mwisho, juu karibu na paa, palikuwa na tundu dogo la hewa. Tundu lile lilipumua wekundu. Jengo lilikuwa la kuhifadhia barafu zamani, na ukuta unaozuia joto lisiingie, huo huo huzuia joto lisitoke. Nani mwingine angepasha moto nyumba ya barafu?

Hiace ilikuwa imeegeshwa upande wa nyuma. Mluzi ndani, miguu juu ya dashibodi, anapuliza wimbo.

Sindano alitokea dirishani.

"Eh! Mama Nyenje? Umesahau ni..."

Sindano ya usingizi ikaingia shingoni, polepole, kama ya nesi mzoefu. Wimbo ukakatika katikati. Akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika koti. Mfuko wa koti ulikuwa mtupu. Mchicha ulikuwa umefika.

Mlango mdogo wa nyuma ulikuwa wazi kwa ufa. Joto likampokea usoni kama pumzi ya ng'ombe.

Rafu toka sakafuni mpaka juu. Kwenye rafu, masanduku ya kioo. Kila sanduku lina taa upande mmoja na kivuli upande wa pili, maana mjusi wa jangwani hajui kutoka jasho. Akipata joto hujivuta kivulini, akipoa hurudi penye moto. Kila sanduku na kijumba chake chenye unyevu cha kujivulia ngozi. Kila sanduku na sahani yake ya maji safi. Mijusi rangi ya mchanga, wenye madoa, walimtazama Sindano akipita kwa magoti, na wengine wakafumba macho, wakapuuza.

Palikuwa safi kuliko wodi nyingi za wazazi.

Akajibanza nyuma ya rafu ya mwisho. Akachungulia kati ya masanduku mawili.

Mdogo wake.

Shati limechanika, jicho moja limevimba. Mguu wake umefungwa mnyororo kwenye meza, mikono imeachwa huru kwa ajili ya kazi. Pembeni yake lilisimama jitu moja pana, bastola mkononi. Hilo waliliita Ukuta, na ukimwona huulizi kwa nini. Mbele ya meza aliinama mtu mfupi, shati jembamba limemganda mgongoni kwa jasho.

Bwana Joto alikuwa ameshika fungu la mchicha.

"Hiki nini?"

Sindano akaushika mpini wa Beretta.

"Chakula changu," mdogo wake alisema. "Tangu jana mnanipa mkate mtupu. Nimemwomba dereva aniletee hata majani."

"Mabichi?"

"Njaa haingoji sufuria."

Bwana Joto alimtazama. Akauzungusha mchicha ule kati ya vidole, akitafuta kitu asichokijua. Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno.

Mchanga ukakwaruza ndani ya kisanduku cha mezani.

Wote wakageuka.

Mjusi mweupe kama maziwa, ndiye Malkia, alikuwa anarudisha udongo wenye unyevu kwa miguu ya nyuma, anafukia. Tumbo lake lilikuwa limeshuka. Bwana Joto akautupa mchicha chini.

"Amezaa," alinong'ona.

"Amezaa," daktari alisema, na uso wake haukufurahi. Alijua. Mkunga wa huyu bwana hulipwa kwa namna moja.

Bwana Joto alifukua kwa ncha za vidole. Mayai mawili, marefu, laini. Akatia alama ya penseli juu ya kila moja. Kuku hugeuza mayai yake, ndipo atotoe. La mjusi haligeuzwi. Likilala hivi, libaki hivi. Ukilipindua, kitoto kinazama ndani ya maji yake mwenyewe. Akayaweka kwenye trei yenye udongo, akaiinua kwa mikono miwili, akaanza kwenda kwenye mashine ya kuatamia. Hatua ndogo ndogo. Kama bibi harusi.

Bila kugeuza shingo, akasema, "Ukuta. Daktari amemaliza kazi."

Sindano akasimama.

"Na wewe umemaliza, Bwana Joto. Usiende mbele."

Ukuta alikuwa mwepesi kuliko umbo lake. Mkono mmoja ukamkaba daktari, bastola ikakaa kwenye paji lake la uso.

"Tupa hiyo, mama. Tupa nisimwage ubongo wa mtu."

Sindano hakumlenga Ukuta. Hakumlenga hata Bwana Joto.

Aliilenga trei.

"Mwambie ashushe."

Bwana Joto alikuwa ameganda. Asingeweza kutia mkono mfukoni, hakuwa na mkono. Asingeweza kukimbia. Asingeweza hata kugeuka ghafla. Mtu aliyeogopwa katika bandari zote alisimama pale kama mtumishi aliyebeba chai.

"Wewe ni nani?"

"Muuza nyenje."

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ya mtu anayeota. "Dada, bastola umeitoa wapi?"

"Nyamaza. Tutazungumza."

"Dada?" Ukuta alisema.

Bwana Joto akafumba macho. "Mchicha," alisema taratibu. "Mchicha, mimi nimeushika mkononi..." Akayafumbua. "Hutapiga. Haya hayana kosa."

"Na huyu ana kosa gani?"

"Husikii ninachokwambia. Jangwa walikotoka wazazi wao limechimbwa, limejengwa. Nje ya chumba hiki weupe hawa hawapo tena duniani. Hawapo!"

"Basi wewe ndiwe wa kuamua kama watakuwapo. Mwambie ashushe."

Redio ikakohoa. "Milango ya ndege imefungwa," Mjomba alisema sikioni mwake. "Nasimamisha."

"Bado," Sindano alisema.

Tone la jasho likatoka kwenye paji la Bwana Joto, likateremka puani, likaning'inia. Hakulifuta. Trei ililala sawa kama maji ya mtungi.

"Ukuta," alisema. "Shusha."

"Bosi?"

"Shusha nimesema."

"Bosi, kwa mayai? Mayai ya mjusi?" Ukuta alicheka, kicheko cha mtu aliyetukanwa. "Nimekula risasi kwa ajili yako mimi. Leo nifungwe kwa mayai? Hapana, bwana."

Bastola ikatoka kichwani mwa daktari, ikaanza kuja upande wa Sindano.

Haikufika.

Beretta ilikohoa mara moja. Ukuta akashika bega, bastola yake ikaanguka na kuteleza chini ya rafu. Daktari akamtia kiwiko tumboni kwa hasira yote ya mkate mtupu. Jitu likakaa chini, likatoa macho.

Mijusi wote walikuwa wamejificha.

Na trei haikuinama.

"Mzigo!" daktari alipiga kelele. "Dada, wale mijusi! Masanduku yao yana sakafu mbili! Chini ya udongo mna viwashio vya mabomu, vimejaa kama dengu!"

"Umesikia, Mjomba?"

"Nimesikia. Mtoto yu mzima?"

Sindano alimtazama mdogo wake, jicho lile lililovimba.

"Mzima," alisema.

"Basi, ndege haiendi mahali." Redio ikanguruma amri kwa watu wengine, ndege ikasimama na injini zake zinazunguka, na huko uwanjani, kwa mara ya kwanza, mtu alitia mkono kwenye masanduku ya mijusi mpaka chini kabisa.

Bwana Joto bado alikuwa amesimama. Mikono ilianza kumcheza.

"Nipokeeni basi," alisema. "Jamani. Nipokeeni."

Sindano alifungua mnyororo kwa funguo alizozitoa kiunoni mwa Ukuta. Daktari akachechemea, akaweka viganja chini ya viganja vya mtu aliyetoa amri auawe, wakashikana hivyo kwa muda, wawili hao, wakipumua pamoja.

"Pole pole," Bwana Joto alisema.

"Najua kazi yangu."

Trei ikaingia kwenye mashine. Mlango ukafungwa. Mikono ya Bwana Joto ilipobaki mitupu, pingu zikaipata hapo hapo, juu juu, kama bangili alizoagiza.

Askari walipofika ghala lilijaa buti na sauti. Mmoja wao, mwenye bidii, alifungua mashine ya kuatamia, akaishika trei ya mayai kwa kona moja.

"Hiki ni kielelezo, afande?"

"Usipindue!"

Sauti zilikuwa mbili, kwa pamoja. Moja ya daktari. Nyingine ya mtu mwenye pingu. Askari akaiachia trei kama iliyomchoma, na Bwana Joto akapelekwa nje mvuani, akaanza kutetemeka kwa baridi kabla hajafika garini.

Nje, mhudumu wa gari la wagonjwa alikuwa anambembeleza daktari apande. Hakutaka.

"Mnipeleke uwanjani kwanza. Wale mijusi wako kwenye sakafu ya saruji, watapoa."

"Utakwenda hospitali," Sindano alisema.

"Dada, wewe huelewi, mjusi akipoa chakula kinamwozea..."

"Nimekwambia panda."

Akapanda. Dada mkubwa ni dada mkubwa. Akakaa ukingoni, blanketi mabegani, akimtazama Sindano kama mtu aliyeishi na jirani miaka yote asijue ana mbawa.

"Mama ataniuliza nilikuwa wapi," alisema.

"Mwambie ulikuwa unazalisha. Si uongo."

"Na akiuliza nimeokolewa na nani?"

"Na polisi. Si unawaona wamejaa?"

Aliwatazama askari.

"Nilidhani utapiga simu kituoni tu. Nilidhani hutaelewa. Nilipomwagiza yule dereva, nikasema moyoni, dada yangu atacheka tu, atadhani natania."

Sindano alimfunga blanketi vizuri shingoni, kama alivyokuwa akimfunga sweta zamani za shule. Mkono wake ulikaa pale zaidi ya ulivyohitajika.

"Sikucheka," alisema.

Mlango wa gari ukafungwa. Likaondoka.

Akavuta koti, akaipita Land Cruiser ambayo vioo vyake vilikuwa vimeanza kukauka, akaipita Hiace ambamo Mluzi alikoroma. Kwenye kamba ya polisi askari akanyoosha mkono.

"Mama, huku haparuhusiwi. Ulikuwa unafanya nini ndani?"

"Nimeleta chakula cha mijusi," Sindano alisema.

Askari akamtazama juu mpaka chini, akainua kamba. Sindano akainama, akapita, akaifuata barabara kwa mwendo wa mtu aliyeacha duka limefungwa.